Nilivyopambana na kaka zangu kwenye mirathi ya kibanja kilichopitiwa na bomba la mafuta

Niseme mapema kabisa ili msinitumie meseji za kukopa hela, kwetu hakuna kisima cha mafuta. Watu wakisikia tulikuwa na kesi ya shamba na mafuta wanadhani tumekuwa mashehe wa mafuta wa kwetu Muleba, Kagera. Kwetu mafuta ni ya kupita tu. Bomba linatoka Hoima kule Uganda linaenda Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, na humo 1,147 ziko upande wetu wa Tanzania, sasa katika kilomita zote hizo likaona njia yake ipite katikati ya migomba ya kibanja cha marehemu baba, yaani shamba letu la nyumbani. Hapo ndo undugu wetu ulipoanza kupimwa kwa futi kamba.

Mzee alifariki 2014. Alikuwa na wake wawili, mama mkubwa ana wavulana watatu na binti mmoja, mama yangu ana sisi mabinti watatu tupu. Siku ya kuanua matanga ukoo ukamtangaza kaka mkubwa kuwa musika, yaani mrithi mkuu wa baba, kama desturi yetu Wahaya ilivyo, tukala, tukatawanyika. Mirathi mahakamani hakuna aliyefungua, na kusema kweli nani angefungua, mirathi ya nini, ya migomba? Mama akabaki kwenye nyumba yake analima, kaka mkubwa kajenga ng'ambo ya njia, mimi nikarudi Mwanza kwenye cherehani yangu.

Wathamini walipokuja mimi sikuwepo, nasimulia nilivyosimuliwa na mdogo wangu. Ukanda wanaochukua una upana wa mita 30, wakapiga vigingi, wakawa wanahesabu kila kitu kilichomo, mashina ya migomba, mibuni mmoja mmoja, mparachichi, hadi miti ya kivuli. Kigingi kimoja kiko hatua nne tu kutoka kaburi la babu, shangazi alikaa pale chini siku nzima hataki kutoka mpaka ahakikishiwe kaburi haliguswi. Sasa ikafika pale mwenye eneo anatakiwa asimame shambani apigwe picha ameshika kibao chenye namba. Aliyesimama na kibao ni kaka mkubwa. Mama yangu ambaye ile mibuni kaipanda kwa mkono wake alikuwa jikoni anamenya ndizi za wageni! Yaani kapikia watu waliokuja kuandika shamba lake kwa jina la mtu mwingine, na akawabebea na maji ya kunawa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa hapo na sio la mradi wala la serikali. Walimuuliza mwenyekiti wa kitongoji mwenye shamba nani, akasema marehemu, wakauliza musika nani, akawaonyesha kaka mkubwa. Kwisha. Kama tungekuwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama tangu 2014 kile kibao kingeshikwa na mtu mwenye barua.

Kabla sijafika kwenye kesi ngoja nimseme kidogo binamu yangu mmoja yuko Dar, maana alichangia sana kuharibu. Huyu kasoma sehemu kwamba Marekani mtu anaweza kumiliki ardhi pamoja na mafuta yaliyo chini, akichimba kampuni analipwa asilimia, na hata haki ya mafuta inarithishwa kivyake mbali na shamba. Ni kweli huko iko hivyo. Lakini yeye akaja nayo kwenye grupu la familia la WhatsApp, kachukua mapipa 216,000 ambayo bomba limepangiwa kusafirisha kwa siku, kazidisha na bei ya pipa, kagawanya sijui kwa nini na nini, katoka na namba ambayo ingetununulia wilaya. Akasema tusikubali fidia, tudai gawio la kila mwezi. Kaka zangu wakachanganyikiwa kabisa, kuanzia siku hiyo kila mtu akawa anaona anaibiwa.

Nilienda kumuuliza mwanasheria wa msaada wa kisheria, dada mmoja mpole sana, alinijibu kwa dakika tano. Tanzania ardhi yote ni ya umma, rais ni mdhamini, sisi tuna haki ya kuitumia. Mafuta na gesi Sheria ya Petroli ya 2015 inasema ni mali ya Jamhuri, hata yakitoka chini ya kitanda chako. Na haya ya bomba hata sio ya Tanzania, yametoka Uganda yanapita! Sasa gawio la mafuta ya jirani unalidai kwa kipi. Kinachorithiwa ni fidia, ya ardhi, mazao na usumbufu, inalipwa mara moja basi. Nikaandika yote kwenye grupu, binamu akanijibu na kiemoji cha kucheka. Sawa.

Miezi ikapita. Siku moja jioni nakata kitambaa cha mteja, simu ikalia, ni mwalimu mmoja rafiki yangu wa huko nyumbani kanitumia picha ya tangazo alilolikuta limebandikwa ofisi ya kijiji. Kaka mkubwa kafungua mirathi ya baba Mahakama ya Mwanzo, anaomba awe msimamizi, mwenye pingamizi ajitokeze kabla ya tarehe fulani. Tarehe yenyewe imebaki siku tisa. Nikapiga simu kwa mama, hajui lolote. Kumbe mradi walishamwambia kaka wazi kwamba mwenye shamba ni marehemu kwahiyo bila barua ya usimamizi hakuna malipo, ndo maana kakumbuka mahakama baada ya miaka saba.

Kesho yake alfajiri nikapanda basi. Wakati ule daraja bado, tunavuka kwa kivuko Kigongo kwenda Busisi, na ile foleni ya kivuko nimeshaizoea kuliko foleni ya benki maana kesi nzima nilivuka mara kumi na moja. Mahakamani nikaomba kuona jalada. Muhtasari wa kikao cha ukoo una warithi watatu. Watatu! Kaka zangu wote, basi. Sisi mabinti hatumo, hata dada yetu wa mama mkubwa hayumo, mama zetu wote wawili hawamo. Tena kuna sahihi ya ba'mdogo ambaye siku hiyo ya kikao alikuwa amelazwa, tulimchangia hela ya dawa sisi wenyewe.

Nikaandika pingamizi kwa mkono, karani akanielekeza namna ya kulipanga. Niwaambie tu kwamba kabla ya hapo kuna mtu alinipeleka Baraza la Kata, nikapoteza siku mbili kati ya zile tisa, kumbe siku hizi baraza kazi yake ni kusuluhisha tu migogoro ya ardhi, na mirathi sio mahali pake kabisa. Nani ni mrithi na nani ni msimamizi, hilo ni la mahakama ya mirathi.

Kwenye usikilizaji kaka alikuja na silaha mbili. Ya kwanza mila. Na hapa nikiri aliongea vitu vilivyoandikwa kweli, ile Sheria ya Mila ya 1963, Tangazo la Serikali namba 436, inapanga warithi kwa madaraja, mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, mabinti wote la tatu ndo la mwisho. Na ardhi ya ukoo mwanamke anaitumia tu, hauzi. Mjane naye hana fungu, fungu lake ni kutunzwa na watoto. Mama alikaa kwenye benchi anasikia hayo yanasomwa huku anakunja na kukunjua kona ya kanga yake.

Lakini hata kwa kanuni hizo hizo daraja la tatu ni daraja bado! Binti anapata kidogo, sio kwamba hayupo duniani. Na yule dada wa msaada wa kisheria alikuwa ameniandalia. Nikamwambia hakimu kuna kesi ilitoka huku huku kwetu Kagera, Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, hukumu ya Jaji Mwalusanya ya 1990, bibi wa Kihaya alirithi shamba la baba yake kwa wosia akaliuza, mtoto wa kaka yake akamshtaki eti mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo, jaji akasema ubaguzi huo haukubaliani na katiba, bibi akashinda. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Nilikuwa nimeyakariri kwenye kivuko kama mtoto anayejiandaa na kipaimara. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini nilimaliza.

Silaha ya pili ndo iliniumiza. Wosia. Mara paap, kaka anatoa karatasi imechapwa kompyuta, baba anamwachia yeye shamba lote, chini kuna dole gumba na mashahidi wawili, wote wa ukoo. Mahakama ikanyamaza. Mimi nikahisi miguu imeisha, maana ghafla nikaanza kujiuliza labda kweli mzee aliandika.

Mama akanivuta mkono. Akaninong'oneza, "Baba yako tangu lini anaweka dole?"

Jamani. Mzee alikuwa na daftari la kahawa, lile la kava gumu lenye mistari myekundu, kila msimu anaandika kilo alizopeleka chama cha ushirika, tarehe, na chini ya kila mzigo anasaini, sahihi ndefu yenye mkia unaorudi nyuma. Kaliandika mpaka mwaka aliokufa. Hakimu akatuahirishia wiki mbili, tukarudi nyumbani tukapekua, tukalikuta juu ya dari limefungwa kwenye mfuko wa sukari, panya wamekula kona tu. Siku ya kurudi nililiweka mezani. Wazee wa baraza walilipitia ukurasa kwa ukurasa, mmoja kavaa miwani juu ya miwani. Hakimu akamuuliza kaka swali moja, mtu anayesaini hivi miaka yote, wosia wake anawekaje dole gumba? Kaka akasema alikuwa mgonjwa. Akaulizwa tarehe ya wosia. Ni Machi. Daftari lina sahihi ya Mei mwaka huo huo, tena imenyooka.

Halafu sheria ya mila yenyewe aliyoileta yeye ndo ikamgeukia. Wosia wa kimila unataka mashahidi wa ukoo na wa nje ya ukoo, na asiyejua kusoma na kuandika mashahidi wanakuwa sio chini ya wanne. Kwahiyo kama mzee alijua kuandika, dole la nini, kama hakujua, mashahidi wawili hawatoshi. Sikuyavumbua mimi haya, aliyasema hakimu taratibu kabisa huku anaandika.

Uamuzi ulivyotoka wosia ukatupwa, warithi wakawa watoto wote saba, na wasimamizi wakateuliwa wawili, kaka mkubwa na mimi. Nilitaka aondolewe kabisa, nikakasirika. Baadaye niliona hakimu ana akili kuliko mimi maana bila sahihi zetu wote wawili hela haitoki, hakuna anayeweza kukimbia na mwenzake hana habari. Kaka alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya zile siku 30, shangazi yule wa kaburi akamfuata nyumbani kwake usiku, walichoongea sikijui mpaka leo, wiki iliyofuata akaiondoa.

Kilichobaki ni makaratasi, na makaratasi yanachosha kuliko kesi. Fomu namba tano ya orodha ya mali na madeni tulitakiwa kuijaza ndani ya miezi minne, tukabishana hadi idadi ya mbuzi. Ya fidia tuliweka mezani jedwali la wathamini, mazao mbali, ardhi mbali. Mimi nikasema mibuni ni ya mama, kaipanda yeye, fedha ya mibuni itoke kwanza iende kwake kabla hatujagawana. Kaka wa pili, ambaye kesi nzima alikuwa hasemi kitu, ndo aliyesema ni kweli, mimi nilikuwa mdogo nilimbebea miche. Ikapita hivyo. Kiasi sitaji. Kila mtu aliingiziwa kwenye akaunti yake, na kibanja kilichobaki nje ya vigingi hakuna kuuza, nyumba ya mama na migomba inayoizunguka ni yake hadi mwisho wake. Tukafunga hesabu kwa fomu namba sita.

Binamu wa Dar bado anauliza gawio.

Na kaka mkubwa hatusalimiani. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, akamtuma mtoto wake na mkungu wa ndizi ampelekee mama, mtoto kaambiwa kabisa ni za bibi. Mama akazipika na maharage akapakua sahani mbili. Nikala.