Shehena Mwaitia Wapi?

Ilikuwa Lamu, mtaa wa Mkomani, ghorofani kwa ami yangu. Mimi na binamu yangu tulikuwa na kompyuta tatu ndogo juu ya meza, tumeziunga kuwa klasta moja, yaani kundi linalofanya kazi kama kompyuta moja, chini ya Kubernetes, programu inayogawa kazi kwa kompyuta hizo. Chama cha wavuvi kilikuwa kimetuamini na hesabu zake: jina la mvuvi, kilo zake, fedha anazodai. Mwanzo zilikaa kwenye kompyuta moja tu, nayo ikafa na hesabu za wiki nzima. Wazee wawili walikosana kwa ajili hiyo, na jambo hilo liliniuma sana.

Ndipo nikataka opereta, programu ya kuilinda hifadhidata. Podi (chombo ambamo Kubernetes huendesha programu) ya tovuti ikifa, inawashwa nyingine na hakuna aliyedhurika. Ikifa ya PostgreSQL, yaani ya hifadhidata, sharti ajulikane nani ana nakala iliyo mbele, ipi ipandishwe na ipi isiguswe. Ujuzi huo ulikuwa kichwani mwa fundi, mpaka watu wa kampuni ya CoreOS mwaka 2016 walipotoa wazo la kuuandika ndani ya programu inayokesha. Kwangu ni rehema, maana fundi wa kisiwani huenda ni mmoja, na siku ya balaa ameshavuka kwenda Mokowe.

CloudNativePG, opereta wa PostgreSQL, ilifungwa kwenye klasta kwa amri moja. Nikaandika faili la maagizo, la YAML, nikaomba nakala tatu. Skrini ikaandika Pending, yaani bado inasubiri. Tukangoja. Alasiri ikaadhiniwa, bado Pending.

Ami, nahodha mstaafu, akapanda na dele la kahawa. Nikamweleza kwamba Kubernetes ni neno la Kigiriki, maana yake mshika sukani, na opereta ni kama serahangi wake. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Sukani mnaye, serahangi mnaye. Na shehena mwaitia wapi, wanangu?”

Nikaweka kikombe chini. Nikaandika kubectl get storageclass, amri ya kuuliza aina za hifadhi zilizopo, na jibu likaja: hakuna kitu. Klasta tuliijenga kwa kubeadm, zana ya kuundia klasta, nayo haiji na ngama yake, yaani hifadhi ya diski. Saa zote zile opereta alikuwa akiomba diski na hapakuwa na wa kumgawia. Tukafunga kigawi cha diski za ndani, tukakifanya ndicho cha kutumika pasipotajwa kingine, tukaifuta ile hifadhidata tupu na kuanza upya. Running, inakwenda. Ya pili. Ya tatu.

Baada ya magharibi nikaingiza hesabu za samaki za majaribio, changu kilo 14, tasi kilo 9. Binamu akashika waya wa kompyuta yenye nakala kuu.

“Nivute?”

“Bismillahi, vuta.”

Taa ya kijani ikazimika. Tukahesabu kwa sauti, na Ami akihesabu nasi. Hazikutimia dakika mbili, nakala nyingine ikapandishwa kuwa kuu. Nikauliza hesabu: changu 14, tasi 9. Binamu alikuwa bado ameukamata ule waya kwa mikono miwili.