Mlango wa Volkswagen ya Baba na Vali Mbili za Lori

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu Tanga, kila aliyeshuka kwenye Volkswagen ya baba aliambiwa neno moja: "Nyanyua!" Usipounyanyua mlango, haufungi. Ni Beetle ya 1968, ndugu wa zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na injini yake hadi leo inawaka kwa ufunguo mmoja. Mlango wa dereva ndio uliokuwa umening'inia kama bega la mtu aliyebeba ndoo.

Baba alipofariki, gari likabaki kwangu. Mafundi waliolipitia walifanya jambo lile lile: walishusha kipokeo cha kitasa, kile chuma kinachoudaka mlango, kwenye nguzo ya gari ili kikutane na mlango ulioshuka. Huko ni kuuficha ugonjwa. Mlango uliendelea kushuka, na kipokeo kikakosa pa kushukia tena.

Siku ya kwanza sikugusa spana. Niliufungua mlango nusu, nikaushika mwishoni, nikawa naunyanyua na kuushusha huku macho yangu yakiwa kwenye bawaba. Skrubu hazikucheza, na bati la nguzo lilikuwa zima. Kilichocheza ni pini ndani ya bawaba, ya juu kuliko ya chini. Beetle ina milango miwili tu, kwa hiyo ni mipana, na abiria wa nyuma nao hushukia hapo hapo huku wakiuning'inia. Bawaba mbili ndizo zinazobeba yote hayo.

Skrubu ni za kichwa cha nyota, na hizi zilikaa zaidi ya miaka 50 katika hewa ya chumvi. Nilizitia mafuta ya kulegeza kutu jioni tatu mfululizo, kisha nikatumia bisibisi ya kugonga, ile inayojizungusha kila ikipigwa nyundo. Bisibisi ya mkono usiijaribu kabisa. Nyota ikishaharibika, kinachobaki ni drili. Moja ilinishinda, nikaitoboa kichwa. Kabla ya kuzifungua nilichora mstari kwa msumari kuzunguka kila bawaba ili nijue pa kuirudishia, nikauegemeza mlango kwenye jeki yenye ubao na khanga kuukuu.

Mlango na bawaba zake tukaupakia kwenye bajaji hadi kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Alizigonga pini zikatoka, nikazipokea kiganjani. Zilikuwa na kiuno katikati, na matundu yake yamekuwa na umbo la yai. Kisha mzee akaniita nisogee. Kwenye bawaba kulikuwa na kitundu kidogo cha kutilia mafuta, kimezibwa. Alikikwangua kwa ncha ya msumari: ikatoka rangi nyeupe, kisha ya bluu, kisha ile ya kiwandani. Kila gari lilipopakwa rangi upya, kitundu kilizidi kuzibwa, na pini zikasagika kavu tangu nikiwa mtoto. Iliniuma. Baba alizitia bawaba zile oili kila mwezi, na yote ilikuwa ikichuruzika nje.

"Boliti laini hatutaki hapa, mwanangu," mzee alisema, akainamia ndoo ya vyuma chakavu na kuibuka na vali mbili za injini ya lori. Shina la vali ni chuma kigumu, kilichonyooka, kinachoteleza kama kioo. Haya yalipima milimita 9, manene kuliko pini za zamani, kwa hiyo tundu likipanuliwa, umbo la yai linaisha lote. Akavikata vichwa vyake.

Bawaba ya kwanza tuliikosea. Alitoboa kila kipande peke yake, na tulipoviunganisha bawaba ikakwama nusu ya mzunguko, kwa kuwa matundu hayakuwa kwenye mstari mmoja. Ikabidi atie bushi ya shaba, yaani kibomba kidogo, kwenye tundu lililopinda. Safari hii alivibana vipande vyote pamoja kwenye jiliwa, katika mkao wake wa kawaida, akapitisha drili kisha rima ya mkono, ile ya kulainisha tundu, polepole, kutoka juu hadi chini kwa mara moja. Ya pili aliifanya hivyo tangu mwanzo, na ikazunguka kwa kusukumwa na kidole.

Wakati wa kuurudisha mlango sikukaza skrubu papo hapo. Niliufungua na kuufunga mara kadhaa ili pini mbili zijipange zenyewe, nikaufuata mstari wa msumari, ndipo nikakaza. Kipokeo nilikipandisha hadi palipokuwa na alama yake ya zamani. Mara ya kwanza mlango ulinidundia, moyo ukanishuka, halafu nikakumbuka vioo vyote vimefungwa. Gari hili hewa haina pa kutokea. Nikashusha kioo kidogo. Ukajifunga: tk.

Jumapili nilimpeleka mama kanisani. Alipofika aliteremka, akashika mpini kwa mikono miwili na kuunyanyua mlango, kama alivyozoea. Haukunyanyuka hata kidogo. Akabaki ameushika, ananitazama.