Eti wenyewe wamekuruhusu?

Kesho nina zamu ya usiku, ilibidi niwe nimelala, ila swali la yule mzee wa tende linanizunguka kichwani. Wiki yenyewe ilikuwa nzuri tu, mkataba umeongezwa, Mwana kajifungua salama, lakini nilichobaki nacho ni hicho.

Ijumaa nilienda Nizwa, huku huku Oman, na Zuhura, si mnajua bosi wake siku hizi anampa ofu. Tulitoka Maskati alfajiri tuwahi mnada wa mbuzi, na jamani ule mnada! Wenye mbuzi wanawazungusha kwenye duara huku wanapaza bei, wanunuzi wamejipanga pembeni, ukitaka unamshika mwenyewe unamkagua meno, mi nikapigwa pembe ya goti.

Basi tukaingia kwenye tende. Nikauliza bei kwa Kiarabu changu cha wodini, mzee kanisikiliza weee mpaka mwisho halafu akajibu kwa Kiunguja safi, "Sema Kiswahili mwanangu, usijitese." Nikafurahi, nikatoa shikamoo. Marahaba. Kisha hapohapo, anapima tende za khalas wala haniangalii:

"Leo wenyewe wamekuruhusu?"

"Wenyewe gani?"

"Si hao unaowafanyia kazi za nyumba."

Nikakauka. Miaka yote ya chuo na leseni yangu, mtu kaniangalia mara moja kashanipangia jiko na mtoto wa kulea. Na siwezi hata kukasirika vizuri maana Zuhura kasimama hapo na ndo kazi yake hiyo, nikisema "mi nesi" nakuwa nimemwambia nini yeye?

Zuhura akadakia, "Sisi ndo tumewaruhusu wao, babu. Tumewaachia watoto wao leo wawaogeshe."

Mzee alicheka mpaka akakohoa! Akatuongezea tende za bure, akauliza Forodhani urojo bado upo, yeye kazaliwa Unguja, wakarudi Oman miaka ya sabini Sultan Qaboos alipowaita watu wake. Akatuonyesha ngome, akasema tusizidharau tende, zimeua watu. Kumbe kweli, kule juu kwenye ngazi za mnara kuna matundu walikuwa wanamwagia adui asali ya tende inayochemka. Imamu mtawala aliyeijenga ngome hiyo, Sultan bin Seif, ndo aliyemtoa Mreno Maskati 1650, na mwanawe Seif akaja kumtoa Fort Jesus, Mombasa, 1698. Nilikuwa napanda zile ngazi nacheka peke yangu, wawaogeshe!

Jioni tulitia miguu kwenye maji ya Falaj Daris, mfereji wao wa kale, yanatiririka yenyewe bila pampu mpaka kwenye mitende, watoto wa watu wanaogelea, Zuhura kasinzia kwenye ukuta.

Ila bado najiuliza, ningekuwa peke yangu ningejibu nini?

Haya, fundi wa Tanga hapokei simu. Hela ya mabati kachukua yote, masika ndo hayo, na mama anasema eti nisimsumbue, atakuja tu.