Notisi ya Mwezi Mmoja na Amana Yangu
Nilipohama nyumba niliyokuwa nimepanga Nairobi, nilimwandikia mwenye nyumba notisi ya mwezi mzima, kwa kuwa kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinataka upangaji wa mwezi hadi mwezi uvunjwe kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha upangaji. Kanuni hiyo humbana mwenye nyumba vilevile, jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui.

Amana ndiyo iliyonisumbua. Nilikatwa nusu yake kwa madai ya kupaka rangi na kubadilisha bomba la sinki, ilhali bomba hilo lilikuwa likivuja tangu siku niliyoingia. Bahati njema, siku hiyo nilikuwa nimelipiga picha, kopo la rangi likiwa chini yake likikinga matone, nikamtumia msimamizi wa ploti. Nilipoionyesha tena pamoja na tarehe yake, fedha za bomba zilirudishwa. Za rangi hazikurudi, kwa sababu mkataba niliotia sahihi ulimtaka mpangaji apake rangi anapohama; naona si haki hata kidogo kumtoza mtu kwa ukuta uliochakaa kwa kukaliwa tu.

Katika nyumba ya sasa nilikikataa kipengele hicho kabla ya kulipa chochote, na mwenye nyumba akakifuta kwa kalamu mbele yangu.