Wiki ya Halloween, snoo na saa kurudi nyuma

Mwisho wa Oktoba 2023 kuingia Novemba, hapa Minneapolis, Marekani, kulikuwa na wiki moja ambayo vitu vyote vilikuja kwa pamoja. Baba watoto alikuwa barabarani na lori kuelekea Texas, mimi nimebadilishana na wenzangu nikapata shifti za asubuhi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, yaani saa kumi na mbili na nusu natakiwa niwe nimeshafika, na ndani kuna watatu, binti wa miaka saba, mdogo wake wa minne na kale kadogo kalikokuwa ndo kanajifunza kusimama kwa kushika makochi. Aliyetubeba wiki ile ni jirani yetu wa Bukavu kule Kongo, watoto wanamwita Mama Bukavu. Nilipomwambia ratiba yangu hata hakuniacha nimalize, akasema "Mama, acha batoto kwangu, we enda kazi." Ndo yeye aliyekuwa anampandisha binti kwenye basi la shule, na wadogo wanashinda kwake.

Jumatatu nikitoka kazini tukaenda kuchanja mafua, wote watatu, na kadogo kakapangiwa kurudi baada ya wiki nne maana watoto wadogo wanaochanjwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili. Walilia, wakapewa stika, wakanyamaza. Usiku nikakaa kushona.

Halloween huku, tarehe 31 Oktoba, watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba hadi nyumba kuomba peremende. Binti alitaka kuwa kipepeo. Sio kipepeo wa dukani, alitaka mabawa ya khanga, ile ya mama yangu niliyotoka nayo Tanga, kipande kimoja cha doti kilikuwa kimeshachanika ubavuni. Nikakikata, nikanyoosha hanga za waya, nikashona mpaka usiku wa manane. Wakati wa kupima ikabidi avae na koti la baridi kabisa kwasababu huku wazazi wameshazoea, nguo ya Halloween unaikadiria ipite juu ya koti, huwezi kujua hali ya hewa itaamuaje.

Na kweli Jumanne, Halloween yenyewe, tukaamka snoo, yaani theluji, inaanguka! Mchana kutwa inaanguka na upepo juu. Nikafikiri watoto watakata tamaa, wapi, jua lilipozama saa kumi na mbili jioni wako mlangoni na mabuti, mmoja mabawa, mwingine kofia ya plastiki ya zimamoto juu ya kofia ya sufu. Kadogo nikakafunga mgongoni na kipande kile kingine cha doti, nikavaa koti la baba yao juu yetu wote wawili, tukatoka.

Najua kwenye grupu letu la kanisa wapo waliosema Halloween ni siku ya giza na mtoto wa Mkristo asitoke, nawaheshimu, tumeongea nao vizuri tu. Ila mimi nilichokiona usiku ule ni milango kufunguka. Mtaa huu ikishaingia Novemba kila mtu anajifungia, mtu anatoka gereji kwa gari anarudi gereji kwa gari, mnaweza kumaliza mwaka mnapungiana mkono tu. Mzee mmoja wa nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa amewasha moto nje mbele ya gereji yake, ana viti na juisi ya tofaa ya moto, akatukaribisha. Akanisimulia Halloween ya 1991, theluji ilianza siku hiyohiyo na haikuacha kwa siku tatu, mji ukapata zaidi ya inchi 28, anasema alimbeba mwanae mabegani nyumba hadi nyumba. Alafu akamuuliza binti mabawa yametoka wapi, binti akamjibu kwa kiingereza kilichonyooka, hiki kitambaa ni cha bibi yangu, anakaa Tanga, kuna bahari. Mzee akavua miwani akainama akakiangalia vizuri. Nilimpenda sana yule mzee kwa jinsi alivyoangalia.

Jumatano mpaka Ijumaa ni kazi tu, kikohozi cha wa kati, kikao na mwalimu wa binti (anasoma vizuri, anaongea sana). Jumamosi baba yao akarudi, snoo imeshayeyuka, wakashinda nje wanakusanya majani na kuyajaza kwenye mifuko ya karatasi maana ya plastiki huku hairuhusiwi kwa majani, na kila mfuko ukijaa wa kati anataka kuumwaga aurukie.

Jumapili saa zikarudi nyuma, maana huku kila Novemba saa zinarudishwa nyuma saa moja, zinasogezwa mbele tena Machi. Miili ya watoto haijui hilo, walioamka saa kumi na mbili jana leo wako juu saa kumi na moja wanadai uji. Kila Jumapili tunampigia mama Tanga akishaswali magharibi na kula, saa moja na nusu kwake, kwetu tano na nusu asubuhi. Siku hiyo tukampigia saa nne na nusu. Akauliza huko saa ngapi, nikamwambia, akasema "mbona wiki iliyopita muda huu mlisema tano na nusu?" Binti akachukua simu, "Bibi, tumerudisha saa nyuma." Mama akanyamaza kidogo, "Nani kawaruhusu?" Binti akamweleza yote, jua, baridi, mpaka bibi akaridhika, na tukakubaliana hadi Machi itakuwa saa nne na nusu, kabla hatujatoka kwenda kanisani.