Siku moja maishani mwangu: kaunta ya maktaba na kesi ya mwavuli

Nikimwambia mtu kwamba mimi ni mkutubi, hunionea wivu hapo hapo. "Raha yako! Unashinda unasoma vitabu." Niko kaunta mwaka wa kumi na moja sasa, na sijawahi kumaliza hata sura moja saa za kazi. Ninachosoma kazini ni migongo ya vitabu, namba za kadi na nyuso za watu. Riwaya nasoma usiku, kitandani, huku nasinzia, kama nyinyi.

Nitasimulia Jumatatu moja tu. Ilikuwa wiki ya tatu tangu tupokee riwaya mpya ya upelelezi ya mwandishi ambaye simtaji, ila ni wa aina ile mnayoijua: kitabu chake kikitangazwa, simu ya maktaba huanza kulia kabla katoni hazijafika. Tulinunua nakala sita. Waliojiandikisha kusubiri walikuwa hamsini na wanne. Kitabu chenye foleni tunakiazimisha siku saba, hakuna kuongezewa, kwa hiyo kufikia siku hiyo watu kumi na wanane walikuwa wameshakipata mikononi. Kumi na wanane wanatosha kabisa kuanzisha vurugu.

Saa moja na nusu asubuhi. Nafungua sanduku la nje, lile ambalo watu hutumbukiza vitabu usiku tukiwa tumefunga. Kaunta imenifundisha kitu kimoja: kitabu kitamu huchelewa kurudi, na aliyekiazima huja na hadithi ya mgonjwa nyumbani. Hiki kilikuwa kinawahi. Nakala mbili zilikuwa sandukuni kabla ya siku yake, moja ikiwa bado na kipande cha gazeti kilichochomekwa ukurasa wa 204, mahali ambapo msomaji aliteremka akaenda zake.

Kila kitabu kinachorudi nakishika mgongo, nakiinamisha, nazipepesa kurasa. Huanguka risiti, picha za pasipoti, na mara moja liliwahi kuanguka jino la mtoto lililofungwa kwenye karatasi. Asubuhi hiyo hakikuanguka kitu. Lakini kwenye nakala ya pili, ukurasa wa kwanza, juu kabisa, mtu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko mzuri wa kulala: "Usijisumbue kumtafuta muuaji. Anaingia ukurasa wa 311."

Kitabu chenyewe kina kurasa 340.

Kuandika kwenye kitabu cha maktaba ni kosa, na hili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikuwa kweli. Nikachukua ufutio. Penseli ilifutika, ila aliyeandika alikuwa na hasira. Ukiuinamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, maneno bado yanasomeka, yamechimbika kwenye karatasi. Nikaiweka nakala hiyo chini ya kaunta, nikatia ufutio mfukoni.

Saa mbili tunafungua. Mpaka saa nne ni kurudisha vitabu rafuni, kadi mbili mpya, printa kukwama, na baba mmoja aliyetaka "kile chenye jalada la bluu". Tulikipata. Kilikuwa cha kijani.

Saa nne na robo akaja dada mmoja, akaiweka riwaya yetu juu ya kaunta kama mtu anayerudisha kiatu kilichokatika.

"Dada, nyinyi huwa mnasoma kabla ya kununua?"

Nikamweleza kwamba tunanunua kwa maombi ya wasomaji, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa wa tano kwenye orodha ya walioomba. Hakufurahi kukumbushwa.

Tatizo lake halikuwa muuaji, lilikuwa mpelelezi. "Nimeishi na huyu Inspekta vitabu kumi na viwili," akasema. "Hajawahi kumgusa mshukiwa hata kwa kidole. Humu anampiga mlinzi mpaka anakiri, sura inayofuata anapiga mluzi kama hakuna kilichotokea. Si yeye. Wamenibadilishia mtu."

Kwa wateja kama huyu nina hadithi yangu ya akiba. Mwaka 1893 mwandishi Arthur Conan Doyle alimtumbukiza mpelelezi wake, Sherlock Holmes, kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi kwa sababu alikuwa amemchoka, na wasomaji wakachachamaa, wengine wakaacha kabisa kulinunua jarida la The Strand lililokuwa likichapisha visa vyake. Mwaka 1901 akawapoza kwa kisa kilichotokea kabla ya kifo hicho. Mwaka 1903 akasalimu amri, akamfufua. Huwa nawasimulia ili wajue hasira zao zina ukoo.

Dada yule alinisikiliza mpaka mwisho. "Huyo angalau aliuawa," akasema. "Wangu wamemwacha hai."

Sikuwa na jibu. Nikampa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, nikamwambia ajaribu kukaa kidogo na Bwana Msa, mpelelezi anayeweza kuvuta kiko chake na kufikiri bila kumvunja mtu mbavu. Akakichukua kwa shingo upande.

Katikati hapo simu zilipigwa. Wawili walitaka kuondolewa kwenye foleni kwa sababu wamesikia kitabu ni kibaya. Watatu walitaka kuingizwa kwa sababu hiyo hiyo. Foleni ikawa watu thelathini na saba.

Saa sita kasoro dakika kumi, nikiwa tayari nafikiria chakula cha mchana, nikamwona Mwalimu mlangoni, kitabu kwapani, daftari mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una nafasi?"

Nyuma yake walikuwepo watu wanne. Nilisema ninayo. Lilikuwa kosa langu.

Mwalimu amestaafu, alikuwa akifundisha hisabati, na riwaya za upelelezi anazisoma na daftari lile la mirabamiraba. Upande wa kushoto anaandika alichoambiwa, upande wa kulia anachoshuku. Akifika theluthi mbili za kitabu anakifunga, anaandika jina la muuaji, anaukunja ukurasa, ndipo anaendelea. Akipatia hufurahi. Akikosea hufurahi zaidi. Siku hizo huja kunionyesha mahali alipopigwa chenga.

Jumatatu hiyo hakuwa na furaha ya aina yoyote.

"Ukurasa wa 88," akasema, akakifungua kitabu akakigeuza kinitazame. "Usiku wa mauaji. Mvua inanyesha tangu magharibi. Shemeji wa marehemu anaingia sebuleni, anasema ametembea kwa miguu kutoka stesheni. Mtumishi anaupokea mwavuli wake. Soma hapo, mtumishi anaupeleka wapi?"

Nikasoma. Mtumishi aliukunja mwavuli, akaufungia kabatini, katikati ya makoti.

"Mwavuli uliolowa unafungiwa kabatini katikati ya makoti?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kwa hiyo?"

"Ulikuwa mkavu."

"Ulikuwa mkavu!" Watu waligeuka mpaka kwenye meza za magazeti. "Hakutoka stesheni! Alikuwa ndani ya nyumba ile ile!"

Kuanzia hapo akanipitisha kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa. Saa ya ukutani iliyochelewa dakika kumi na mbili. Barua iliyofunguliwa kisha ikagundishwa upya. Mbwa aliyefungiwa bandani na mtu anayemjua. Vyote vinamwelekea shemeji, kimoja kinashika kingine. Kisha ukurasa wa 311 anabisha hodi mtu wa bima ambaye hatukuwahi kumsikia, na kurasa kumi baadaye anakiri. Mwavuli hautajwi tena. Umebaki kabatini mpaka leo.

"Amri ya kwanza ya Padri Knox inasemaje?" akaniuliza, kwa sauti ile ile ya darasani.

Naijua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia akiandika riwaya za upelelezi, mwaka 1929 alitoa amri kumi za kazi hiyo, nusu kwa utani. Ya kwanza inataka mhalifu awe mtu aliyetajwa mapema kwenye hadithi. Nyingine inaruhusu njia ya siri isiyozidi moja. Mwalimu anazijua zote kumi.

Nilijaribu kumtetea mwandishi, maana huwa naona nina wajibu huo. Yeye hayupo kaunta, mimi nipo. Nikasema hata Agatha Christie walimlalamikia mwaka 1926, alipotoa The Murder of Roger Ackroyd, wapo waliosema amewachezea rafu. (Amefanya nini humo sisemi. Kipo rafuni na kuna ambao hawajakisoma.)

Mwalimu akavua miwani. Nikajua nimejitakia.

"Christie alinidanganya nikiwa nimekodoa macho. Nilirudi nyuma nikakuta kila kitu kipo, mimi ndiye niliyepita kama kipofu. Nikampigia makofi, peke yangu, chumbani. Huyu hakunidanganya, mwanangu. Huyu amenificha."

Mwanafunzi mwenye fomu alikuwa amehema mara tatu. Mama mmoja alikiacha kitabu chake juu ya kaunta akaondoka. Miguu ilikuwa inawaka, kwa sababu kaunta yetu ilijengwa na mtu aliyeamini kwamba wakutubi hawakai. Nilikuwa nimetabasamu muda mrefu hadi mashavu yakafa ganzi. Na Mwalimu alikuwa bado yuko kwenye barua iliyogundishwa.

Lakini hapo ndipo niliponasa. Nilianza kumsikiliza kwa adabu, nikajikuta namsikiliza kwa hamu. Alichokuwa ananisimulia kilikuwa kinashikana. Shemeji, saa, mbwa, mwavuli: hicho ni kitabu, tena kizuri kuliko kile kilichochapishwa. Mwandishi huyu hutoa riwaya kila mwaka, na mtu anayekimbizana na tarehe hufanya mambo. Nikamwambia ninavyohisi: kwamba muuaji wa kwanza alikuwa shemeji kweli, kwamba mahali fulani, pengine dakika za mwisho, mwandishi akaogopa kwamba ni rahisi mno kumgundua, akamleta mtu wa bima, akapita akifuta nyayo za shemeji. Mwavuli akausahau.

Mwalimu akanyamaza. Nilikuwa sijawahi kumwona akinyamaza akiwa na daftari wazi.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "mimi nimetatua kitabu alichokifuta."

"Nadhani hivyo."

Akaurudia ukurasa wa 88, akausoma tena huku midomo ikicheza. Kisha akalifunga daftari. "Niandike tena kwenye foleni."

"Kitabu gani, Mwalimu?"

"Hiki hiki. Labda kuna mahali nimeruka. Labda mwavuli ameueleza, mimi ndiye sikuona."

Nikamwambia atakuwa wa thelathini na nane. "Nakala sita, siku saba saba," akasema. "Wiki sita na ushee. Andika." Akakisukuma kitabu upande wangu, lakini kidole kilibaki juu ya jalada kidogo.

Nikatazama saa. Saa sita na dakika hamsini na tano. Saa nzima na dakika tano, kwa ajili ya mwavuli.

Chakula nilikula nimesimama stoo, katikati ya katoni.

Baada ya hapo siwezi kuapa kitu gani kilitangulia kingine. Kulikuwa na mtu aliyegombana nami kuhusu faini, akasema wakutubi tuna roho mbaya. Kulikuwa na wanafunzi, wengi, wakitaka wote kitabu kimoja. Mtu fulani aliirudisha riwaya bila kusema neno, akatikisa kichwa tu, kama tuliotoka msibani pamoja. Na kulikuwa na mama mmoja, mnyonge wa sauti, aliyeinama karibu yangu kabla ya kuirudisha yake. "Mimi nimeipenda," akanong'ona. "Yule mtu wa bima nimemlilia." Nilitamani kumkumbatia. Aliangalia nyuma kwanza kuhakikisha hakuna aliyemsikia.

Jua lilipoanza kuteremka akaja kijana kuchukua nakala yake. Simu yetu ilikuwa imemkuta kazini, amekimbia, bado anahema. Akaniuliza kile ambacho wote huuliza.

"Ni kizuri?"

Utaratibu wangu ni kutojibu. "Utanieleza ukikirudisha," nikamwambia, nikampa nakala ya Mwalimu, safi, haina alama hata moja. Aliondoka anaisoma huku anatembea, nusura agonge mlango.

Saa kumi na mbili tulifunga. Mwenzangu alishatangulia. Nikakumbuka nakala ya penseli iliyokuwa chini ya kaunta tangu asubuhi, na begi nikiwa nimeshalitia begani nikaitoa nione kama ule ukurasa wa kwanza unaweza kuokolewa kwa ufutio laini zaidi. Haukuokoleka. Sijui kwa nini nikafungua na ukurasa wa 88.

Pembeni, sambamba na mstari wa mtumishi na kabati la makoti, kulikuwa na neno moja kwa penseli ile ile, mwandiko ule ule wa kulala, ila safari hii limeandikwa kwa mkono mwepesi, bila hasira: "Mkavu?"

Ufutio ulikuwa bado mfukoni. Nikakifunga kitabu, nikakiweka juu ya rundo la kesho, nikazima taa.