Jinsi nilivyotatua milango ya lifti iliyogoma kufunga kwenye mnara wa vioo

Jengo lina maduka chini, ofisi katikati na makazi juu. Baridi ilipozidi, milango ya lifti ya ghorofa ya chini iligoma kufunga na upepo ukapiga mluzi penye nyufa. Mota zilikuwa zimeshabadilishwa bila mafanikio, maana ugonjwa haukuwa wa lifti.

Hewa ya joto hupanda ndani ya shimo la lifti kama moshi kwenye dohani, na hewa baridi huvutwa kuingia chini. Kwa jengo la mita 100, nje kukiwa nyuzi 0 na ndani 20, shinikizo la mvuto huo kwa urefu wote hukaribia paskali 85 (paskali ni kipimo cha shinikizo). Inatosha kabisa kubana mlango kwenye reli yake.

Nilipitisha moshi wa majaribio. Hewa nyingi ilikuwa ikiingilia maegesho ya chini. Tukajenga chumba kidogo chenye milango miwili mbele ya lifti huko, tukaweka mlango wa kuzunguka langoni na kuziba matundu ya mabomba. Kuongeza nguvu ya mota nilikataa: mlango unaosukuma kwa nguvu kupita kiasi huumiza watu. Baridi iliporudi, milango ilifunga yenyewe.